Mgonjwa wa Ghorofa Tatu

Asubuhi ya Ijumaa Emérence aliamka sakafuni, juu ya mkeka, akainuka polepole ili asigonge kitanda. Kitandani alilala mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa na sehemu tatu zilizopangwa kwa mstari: kubwa upande wa miguu, ya wastani katikati, ndogo karibu na mto, kila moja juu ya kibao chake, na chandarua kimeshushwa juu yao mpaka kwenye godoro. Ilikuwa keki ya arusi. Kesho yake, huko Nyalukemba kwa kina bibi arusi, ingesimamishwa ghorofa juu ya ghorofa na kupigwa picha. Lakini keki ndefu haingojei siku yake ikiwa imesimama. Hungoja imelala vipande vipande, kama mtu mzima mwenye busara anayejua kwamba sherehe itamchosha.

“Umelala muzuri?” Emérence alinong’ona.

Keki haikujibu. Akavaa glavu, akapitisha mkono chini ya chandarua, akaigusa ubavuni kwa mgongo wa kidole. Kavu. Akashusha pumzi. Keki hiyo ndiyo iliyokuwa ikisalimiwa peke yake katika chumba hicho tangu wiki iliyotangulia, na ilikuwa msikilizaji mzuri kuliko wengi.

Keki yenyewe, ya ndani, haikumtia wasiwasi. Ilikuwa ya matunda makavu, imenyweshwa pombe kali kijiko kwa kijiko, na ingeweza kungoja hata Krismasi bila kulalamika. Taabu ilikuwa ngozi. Ngozi ya fondant ni sukari laini iliyokandwa kama donge, ikasukumwa mpaka ikawa shuka jeupe, ikavikwa keki na kulainishwa kwa viganja. Haina subira hata kidogo. Ukiitia kwenye friji, ikitoka hutiririka jasho kama shahidi wa uongo. Ukiifunga kwenye plastiki hulia. Ukiiacha penye mvuke huteleza na kushuka kiunoni kama suruali ya kuazima. Inataka chumba kikavu, chenye ubaridi kidogo na giza kidogo, na kule Bagira, mtaani kwake, msimu wa mvua, chumba cha namna hiyo hakipangishwi. Sharti mtu akitengeneze.

Emérence alikitengeneza. Aliweka makarai ya makala makavu, yaani mkaa, chini ya kitanda ili yanywe unyevu, ingawa kwa bei ya makala ya siku hizi ilikuwa sawasawa na kumlisha ng’ombe mikate. Alizungushia miguu ya kitanda majivu ili sisimizi wasiwahi arusi kabla ya waalikwa. Alitundika pazia zito dirishani. Alitoa nje jiko lake la mbabula, sufuria, ndoo, nguo mbichi, kila kitu chenye moshi au maji. Kwa ufupi, alihamisha maisha yake yote uani, akamwachia mheshimiwa nyumba.

Haya yote yaliletwa na mbuzi.

Arusi ilikuwa iwe Jumamosi iliyopita. Keki ilikuwa tayari tangu katikati ya wiki ile, maana umeme wa Bagira hauji siku unayoutaka wewe, na fundi mwenye akili hukoroga siku unapokuja. Lakini mjomba wa bibi arusi, mzee Bisimwa wa Nyangezi, alipoletewa mbuzi wake wa mahari alimfungua mdomo, akamtazama meno, akasema mbuzi huyu alikuwa na umri wa kuwa shahidi wa arusi, si zawadi. Akakataa kula, akakataa kukaa, akapanda gari kurudi Nyangezi. Bila mjomba hakuna ruhusa, bila ruhusa hakuna arusi. Wakwe waliomba wiki moja ya kumtafuta mbuzi mwenye meno ya heshima.

Ndipo Maman Carine, mama wa bibi arusi, alipompigia simu Emérence.

“Maman Elodie, hiyo keki tutaiweka mu congélateur yangu.”

“Apana, maman. Itatoka jasho. Nitaichunga miye.”

“Wiki muzima?”

“Wiki muzima.”

“Sikia basi. Mutu asiione. Asijue hata kama iko kwako. Unajua batu ba hapa na sumu.” Hapo sauti ya Maman Carine ikalainika. “Na ikifika vile uliitengeneza, Jumamosi hauko wa kurudi kwako. Utakaa na siye. Ku meza ya famille.”

Emérence alibaki ameshika simu hata baada ya mwenzake kukata. Alikuwa amepikia keki nusu ya arusi za mji huo. Katika zote aliingia kwa mlango wa jikoni, akapanga ghorofa zake, akafuta alama za vidole vyake kwenye meza ya kioo, akatoka kwa mlango uleule huku muziki ukianza. Picha za keki zake zilitundikwa sebuleni kwa watu. Hakuna picha hata moja aliyokuwamo yeye. Na tangu Elodie, binti yake wa pekee, aondoke kwenda Lubumbashi kutafuta kazi, Emérence alikuwa akila chakula chake uso kwa ukuta. Mwanzoni simu ya Elodie ilipokelewa. Kisha ikawa inalia bila kupokelewa. Siku hizi hailii. Watu wa parseli, ua wao wa pamoja, bado walimwita Maman Elodie, nao hawakujua kwamba kila mara walimkumbusha.

Kwa hiyo alitaka kukaa mezani. Hakutaka zaidi ya hapo: kiti, sahani, mtu wa kulia, mtu wa kushoto.

Mvua nyepesi ilikuwa ikianguka alipotoka na kufunga mlango nyuma yake kwa ufunguo. Aliwasha mbabula chini ya ukingo wa bati, bega moja kavu na la pili likilowa. Jirani yake, Maman Josué, alisimama kwenye mlango wake akimtazama. Zamani, yaani wiki mbili zilizopita, Maman Josué alikuwa akiingia kila jioni kusikiliza redio, anakaa palepale kitandani, anavua viatu, anawatukana wanasiasa mmoja mmoja kwa majina yao. Wiki hii alikuwa amegonga mara tatu, na mara tatu akaongea na ubao.

“Maman Elodie, unapika inje mu mvua. Juu ya nini, sababu gani?”

“Moshi haitakiwe mu nyumba.”

“Nani anaikataa?”

Emérence alipuliza moto. “Miye.”

“Jana usiku nilikusikia unasema na mutu.”

“Ilikuwa sala.”

“Sala ya kusema ‘geuka kidogo nikuone mugongo’?”

Emérence aliinama zaidi juu ya makala. Unga mweupe ulikuwa umeshika mikono yake mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa ameipaka keki wanga ili ibaki kavu. Maman Josué aliutazama ule weupe. Akazitazama glavu zilizochungulia mfukoni mwa kitenge. Akalitazama dirisha lenye pazia.

“Tulikosana?” akauliza.

“Hatukukosana.”

“Basi nifungulie, nikae dakika mbili.”

Emérence alitamani kumfungulia. Alitamani hata kumvuta ndani, amfunulie chandarua, amwonyeshe maua mekundu ya waridi aliyoyakata petali moja moja. Lakini ahadi ni ahadi, na pumzi za watu wawili ni mvuke.

“Kesho,” alisema. “Kesho nitakufungulia mulango yote.”

Maman Josué aliingia ndani kwake bila kuaga. Huko nje, barabarani, gari la kipaza sauti lilipita likisema yale yaliyosemwa kila siku tangu ule ugonjwa wa vipele uingie mjini: ukiona nyumba imefungwa, ukiona mtu anavaa glavu, ukiona mgonjwa anafichwa, usinyamaze, piga simu. Serikali iliyokuwa imeshindwa kuleta maji Bagira ilikuwa imefanikiwa kuleta namba.

Kabla ya saa sita, brigade ya usafi ilifika.

Iliongozwa na Hugues, ambaye kabla ya ugonjwa kazi yake ilikuwa kuwafukuza wauza ndizi barabarani, na sasa alikuwa amepandishwa kufukuza vijidudu. Alivaa sare nyeupe ya plastiki, miwani na buti. Nyuma yake alitembea msaidizi wake, Gentil, mwenye pampu ya klorini mgongoni na machela begani. Watu wa parseli walijitokeza wote, kwa umbali uliopendekezwa na kipaza sauti.

“Brigade! Fungula!”

Emérence alikuwa ndani. Alikuwa amepandisha chandarua na kurekebisha waridi moja lililoinama. Alikishusha tena haraka, akaenda mlangoni, akaufungua kiasi cha kupita pua.

“Mubakie inje, tafazali.”

“Maman, tulipata simu. Mugonjwa eko wapi?”

“Mugonjwa gani?”

“Ule unaficha.”

“Sifiche mutu.”

“Fungula mulango yote, tuone.”

“Siwezi. Baridi ya mvua itaingia.”

Hugues aliwageukia watu kama wakili aliyepata ushahidi. “Mumesikia? Hawezi!” Watu wakaguna. Mtoto mmoja akavutwa nyuma kwa kola.

Emérence alipima. Akisema neno moja kwa sauti, Bagira yote ingejua, na Nyalukemba ingejua kabla ya chakula cha mchana. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akamsogelea Hugues.

“Chef, leta sikio. Nikuambie kitu.”

Hugues aliruka nyuma. “Usinikaribie!”

“Ni neno moja tu.”

“Uliseme kutokea kule!”

“Kutokea kule haisemeke.”

Alipiga hatua moja, Hugues akarudi mbili. Hivyo wakauzunguka ua, fundi wa keki akinyoosha shingo na mkuu wa brigade akikimbia neno, mpaka watu waliokuwa wameogopa wakaanza kucheka. Hakuna aliyemtazama Gentil. Gentil alikuwa amezunguka nyumba. Alisukuma kioo cha dirisha, akaliinua pazia kwa ncha ya bomba.

“Chef! Eko hapa!”

“Nani?”

“Mugonjwa! Eko amelala mu moustiquaire! Ana tumbo kubwa, na kichwa... Yezu wangu, kichwa ina bipele! Bipele nyekundu, kubwa kama ngumi!”

Kicheko kilikatika. Emérence aligeuka.

“Usipige!” alipiga kelele. “Usipige dawa!”

Lakini Gentil alikuwa amefundishwa kwamba ndugu wa mgonjwa husema hivyo siku zote. Alipiga pampu. Alipiga kama alivyoelekezwa, kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha kutoka miguuni mpaka kichwani, na kwa kuwa aliogopa sana, akarudia.

Emérence alipofungua mlango, harufu ya klorini ilimpiga usoni. Alikwenda kitandani, akainua chandarua kilicholowa. Ngozi ilikuwa imeanza kuondoka. Haikupasuka. Iliteleza polepole kwenye mabega ya ghorofa kubwa, ikakusanyika chini kwenye kibao, nyepesi, ya kung’aa. Mawaridi ya ghorofa ndogo yaliachia rangi yao, na maji ya pinki yakafuata mkunjo wa shuka mpaka kwenye mto. Lile waridi alilokuwa akilirekebisha lilianguka bila sauti. Alinyoosha mkono kulidaka, kisha akauacha mkono hewani, maana hakujua angelirudisha wapi.

Maman Carine aliogopa sumu ya majirani. Sumu ilikuwa imeingia kwa dirisha, imevaa sare.

Hugues aliingia, akasimama. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Keki ilibaki keki.

“Maman. Hii ni nini?”

“Ni keki ya arusi.”

“Juu ya nini iko mu moustiquaire?”

“Juu ya nzi.”

Maman Josué alikuwa amefika mlangoni. Aliweka viganja viwili mdomoni. “Maman Elodie. Ni miye nilipiga simu.” Akaendelea, machozi yakimtoka. “Nilifikiri ni Elodie. Nilifikiri alirudia mugonjwa, na unamuficha peke yako, na ungekufa naye.”

Emérence hakugeuka. “Elodie arudie,” alisema, “na miye nifunge mulango? Ningeondosha hata mabati ya nyumba, batu bote bamuone.”

Akachukua simu. Hakuona sababu ya kungoja. Habari mbaya haihifadhiki kama keki. Maman Carine alisikiliza mpaka mwisho bila kukata neno. Nyuma yake zilisikika sahani, vicheko, mtu akiuliza viti vingapi.

“Sawa,” alisema hatimaye. “Si makosa yako. Nitatuma mutu akanunue ingine, hata ya crème. Batu banakulaka tu.” Sauti yake ikashuka. “Na kesho, Maman Elodie... kesho ubakie tu kwako. Brigade ilifika kwako, batu bataisikia, bataogopa kula. Unaelewa?”

“Ninaelewa.”

“Utanisamehe?”

“Hakuna ya kusamehe, maman. Arusi ikuwe muzuri.”

Aliiweka simu kwenye kimeza, uso chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyotangulia, na godoro lililolowa likamlowesha.

Hugues alikohoa. “Maman, vaa viatu, twende.”

“Wapi?”

“Ku centre ya bagonjwa. Nyumba ikipigwa dawa, inatakiwa tutoke na cas, mutu wa kuandika mu karatasi. Machela haikutoka bure, na dawa haikutoka bure. Nikirudia mikono mitupu, bataniuliza nilipiga nani.”

“Miye siko mugonjwa.”

“Sijasema uko mugonjwa,” Hugues alieleza kwa uvumilivu. “Nasema uko cas.”

Emérence alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyekwisha kupoteza kitu chenyewe na sasa anaombwa kifuniko.

“Chef, ile simu ilisema mugonjwa eko wapi?”

“Mu nyumba yako.”

“Gentil alimuona wapi?”

Gentil alitazama buti zake. “Ku kitanda.”

“Na nani alipigwa dawa?”

“Ule wa ku kitanda.”

“Basi cas ni ule.” Emérence alisimama. “Mumubebe.”

Hugues alicheka peke yake, akaona hakuna aliyemsaidia. Maman Josué alikuwa amejaza mlango, mikono kiunoni. “Mumubebe!” alisema, na nyuma yake uani sauti zikaitikia: “Mumubebe! Mulikuja juu yake, mumubebe!” Mkuu wa brigade akafikiria barabara ya kurudi. Akitoka na machela tupu, kicheko hicho kingemsindikiza mpaka kazini. Akitoka na machela iliyofunikwa, hakuna mtu barabarani angecheka. Ugonjwa haukuwa umempa mengi, lakini heshima ya machela iliyofunikwa ilikuwa mojawapo.

“Leta shuka,” alimwambia Gentil kwa sauti ndogo.

Emérence mwenyewe alizipanga ghorofa: kubwa, ya wastani, ndogo. Alifunika kwa shuka, akalichomeka pembeni vizuri, kama anavyofunikwa mtu aliyeshikwa na baridi. Wanaume wawili wakainua.

“Chef, iko nzito,” Gentil alilalamika.

“Ni matunda,” alisema Emérence.

Walitoka kwenye parseli na kushika barabara ya kuelekea centre. Mvua ilikuwa imekoma. Hugues alitangulia, Gentil nyuma, sare zao zikilia kwa kila hatua, na Emérence akawafuata akiwa amejifunga kitenge alichokuwa amekipiga pasi kwa ajili ya kesho. Hakukivaa kwa ajili yao. Kilikuwa ndicho kikavu pekee.

Barabara ilifanya yote ambayo barabara hufanya. Wenye pikipiki walizima injini. Muuza mafuta alivua kofia. Mama mmoja aliyebeba kuni alipiga ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa huru, akauliza ni mtu mzima au ni mtoto, akasogea ukingoni kabla ya kujibiwa. Maman Josué alifuata mpaka kwenye kona ya duka, akasimama hapo pamoja na wengine. Kutoka hapo kwenda mbele kulikuwa kwa wagonjwa, na hofu haijui kutofautisha. Emérence hakumlaumu. Alisikia tu kwamba nyayo nyuma yake zilikuwa zimekwisha.

Kwenye geti la centre, mlinzi aliinua mkono akiwa mbali.

“Hali yake?”

Hugues alisita. “Mbaya,” akasema.

“Anaongea?”

“Haongee.”

Mlinzi akatikisa kichwa kwa huruma iliyozoea, akawafungulia. Machela ikapita. Emérence alikuwa akipita pia, mlinzi akamzuia kwa fimbo.

“Weye ni nani yake?”

“Ni miye niko naye.”

“Famille?”

Emérence aliitazama machela ikizunguka hema jeupe. Pembe moja ya shuka ilikuwa imelowa pinki.

“Ndiyo,” alisema.

“Wengine bako nyuma?”

“Hakuna. Ni miye tu.”

Mlinzi hakuamini. Alitoka mpaka katikati ya barabara, akakinga macho kwa mkono, akaitazama yote mpaka pale inapokunja kushuka mjini; hakuna aliyekuwa akija. Kisha akarudi, akampisha aingie, akafunga geti.